Mtoto Mzito Kupita Umri Wake: Nani Ametenda Kosa?

SOMO LA ROBO HII KWA KAMATI ZA SHARIKA
Andiko la kusoma pamoja kabla ya somo: Yohana 9:1–7



Katika andiko letu wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu. Swali lao la kwanza si namna ya kumsaidia. Wanataka kujua nani alitenda dhambi, yeye au wazazi wake. Bwana analikataa swali hilo, kisha anainama, anafanya tope na kuanza kazi.

Somo hili linahusu mtoto ambaye bado tunamwuliza swali lile lile. Ni mtoto mdogo, wa chini ya miaka mitano, ambaye uzito wake umepanda kupita kiasi tangu uchanga. Tumezoea kusoma habari za mtoto aliyekonda. Huyu mwingine hatumsemi sana, na tunapomsema tunamcheka au tunamlaumu mama yake.

1. KWA NINI WINGWI

Tumeliweka somo hili Wingwi, wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa Pemba. Ni nchi ya wavuvi, ya wakulima wa muhogo na ndizi, na ya akina mama wanaolima mwani pwani. Micheweni imetajwa mara nyingi kuwa miongoni mwa wilaya maskini zaidi Zanzibar. Wakazi wake karibu wote ni Waislamu, hivyo sisi tukifika huko tunafika kama majirani, si kama wenye nyumba.

Mtu anaweza kuuliza: unene wa kupindukia na Wingwi vinahusiana wapi? Ndiyo sababu tumepachagua. Mjini, mtoto mzito mno huenda akaonekana na daktari mapema. Mahali ambapo wasiwasi wa kila mtu ni njaa, mtoto huyo hupita mbele ya macho yetu akipongezwa.

Tuangalie hesabu ya taifa. Utafiti wa afya wa mwaka 2022 nchini Tanzania ulionyesha kuwa katika kila watoto 100 wa chini ya miaka mitano, 30 wamedumaa. Wenye uzito uliozidi walikuwa 4 hivi. Ni wachache, na wenye unene mkali ni wachache zaidi ndani ya hao. Lakini uchache wao haumpunguzii mzigo aliye nao.

2. MFANO WA KUJIFUNZIA

Mfano huu tumeutunga, ili tusimnyoshee kidole mtoto wa mtu.

Tuseme mama mmoja wa Wingwi ana binti wa miaka miwili kamili. Alizaliwa na uzito wa kawaida. Tangu alipofika miezi minne hashibi. Akimaliza kunyonya analia, akimaliza uji analia. Sasa anaamka usiku kwenda kwenye sufuria, na akinyimwa hujipigiza chini. Mzani unasema kilo 19.

Majirani wana majibu yao. Mmoja anasema, "Mashaallah, mtoto kashiba." Wa pili anasema mama anamshindilia. Wa tatu ananong'ona kwamba mtoto ana jini wa ulafi. Baba anauliza kwa nini sukari inakwisha upesi. Mama ameacha kwenda kliniki kwa sababu mara ya mwisho wenzake waliokuwa kwenye foleni walicheka.

Kamati ikifika kwa mama huyu, ianzie wapi?

3. KWANZA: NI MNENE AU AMEVIMBA?

Katika sehemu zenye upungufu wa chakula hili ndilo swali la kwanza, kwa sababu kulikosea ni hatari kwa maisha. Kuna utapiamlo mkali unaoleta uvimbe, ule wa kwashiakoo. Mtoto huyo huonekana amejaa mashavu na miguu, kumbe ni maji. Magonjwa ya figo pia huleta uvimbe.

Bonyeza kwa kidole gumba juu ya nyayo zote mbili, taratibu, kwa muda wa kuhesabu sekunde tatu, kisha achia. Shimo likibaki pande zote mbili, huo ni uvimbe. Mtoto apelekwe kituo cha afya siku hiyo hiyo. Asisubiri mkutano wa kamati.

Binti wa mfano wetu hakubakiwa na shimo. Basi ni mnene kweli.

4. UZITO GANI NI MKUBWA MNO?

Vipimo vinavyotumika leo ni vya Shirika la Afya Duniani, vilivyotolewa mwaka 2006. Havikutokana na watoto wa Ulaya peke yao. Watoto waliopimwa walitoka Brazili, Ghana, India, Norwe, Marekani na Omani. Watoto wa Muscat, mji ambao familia nyingi za Pemba zina ndugu, walikuwa miongoni mwao. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba vipimo hivyo ni vya wageni.

Kwa vipimo hivyo, msichana wa kawaida wa miaka miwili ana kilo 11.5, na mvulana ana kilo 12.2. Mstari wa juu kabisa kwenye chati ya uzito kwa umri ni kilo 17.0 kwa msichana na 17.1 kwa mvulana. Binti yetu mwenye kilo 19 ameuvuka mstari huo. Amempita hata msichana wa kawaida wa miaka mitano, ambaye ana kilo 18.2.

Hata hivyo uzito kwa umri hautoshi. Mtoto anaweza kuwa mzito kwa sababu ni mrefu, na mwingine anaweza kuwa amedumaa na mnene kwa wakati mmoja. Lazima apimwe pia urefu, kisha uzito ulinganishwe na urefu. Hapo ndipo mhudumu wa afya anaweza kusema kwamba huu ni unene mkali. Vituo na timu zenye mzani bila ubao wa kupimia urefu zinaona nusu ya habari.

Tahadhari moja. Mtoto mchanga anayenyonya maziwa ya mama, mwenye mashavu na mikunjo mapajani, anayecheza na kukua vizuri, kwa kawaida hana ugonjwa wowote. Asikatishwe kunyonya. Tunayemzungumzia hapa ni yule ambaye uzito wake unapanda bila kusimama, hasa akiwa na njaa isiyotulia.

5. KWA NINI MTOTO ANAKUWA HIVI?

Ziko njia nne kubwa. Kamati haitakiwi kutoa jibu. Hiyo ni kazi ya daktari. Lakini ikizijua, itauliza maswali yenye faida na itaacha kulaumu.

(a) Chakula na maisha ya nyumbani. Soda, juisi za paketi, biskuti na uji uliojaa sukari humfanya mtoto apande uzito, zaidi akikosa nafasi ya kucheza. Hii ndiyo sababu ya kawaida ya unene wa watoto duniani. Mtoto wa aina hii mara nyingi ni mrefu kuliko wenzake. Lakini unene mkali sana ulioanza kabla ya umri wa kutembea, katika nyumba ambayo watoto wengine ni wembamba na wote wanakula chungu kimoja, hauelezwi na chakula peke yake.

(b) Dawa. Ziko dawa za jamii ya steroidi, kama prednisolone, deksamethasone na betamethasone. Hospitalini zinaokoa maisha. Zikitumiwa muda mrefu bila daktari, za kunywa au hata krimu kali za kupaka kwenye ngozi laini ya mtoto, humfanya avimbe uso ukawa duara, anenepe tumbo na kuacha kurefuka. Mama aulizwe kwa upole: mtoto anapakwa nini kwa vipele? Amepewa vidonge gani dukani? Na hapa tusisitize: dawa hiyo isikatishwe ghafla nyumbani, kwa sababu mwili unaweza kuzimia. Mtoto apelekwe na dawa yake mkononi, daktari aipunguze.

(c) Homoni. Tezi ya shingo ikifanya kazi kidogo mno, mtoto hulegea, huwa na choo kigumu, huchelewa kukua na uzito huongezeka. Dalili kubwa ni hii: mnene na mfupi. Mnene anayerefuka vizuri na mnene aliyesimama kurefuka ni watoto wawili tofauti. Ugonjwa wa tezi una vidonge, na si vya bei ya kutisha.

(d) Kurithi. Hapa ndipo unene unaoanza mapema sana mara nyingine hupata maelezo yake. Mwaka 1994 watafiti wa New York, wakiongozwa na Jeffrey Friedman, waligundua homoni iitwayo leptini. Inatoka kwenye mafuta ya mwili kwenda kwenye ubongo. Ni kama mjumbe anayetumwa kutoka ghalani kwenda nyumbani kusema, "Akiba ipo, pumzikeni." Mjumbe asipofika, nyumba huamini kwamba kuna njaa hata kama ghala limejaa.

Mwaka 1997 madaktari wa Cambridge, Uingereza, walieleza habari za watoto wawili, binamu, wa familia yenye asili ya Pakistani. Msichana alikuwa na miaka 8 na kilo 86. Mvulana alikuwa na miaka 2 na kilo 29. Wote walizaliwa na uzito wa kawaida, na wote walikuwa na njaa isiyokwisha. Miili yao haikuweza kutengeneza leptini. Msichana alianza kupewa leptini kwa sindano, na katika miezi 12 akapungua kilo 16.4, kama ilivyotangazwa mwaka 1999. Wazazi wake hawakuwa wamebadilika. Mjumbe alikuwa amefika.

Ziko kasoro nyingine za kurithi. Kuna ugonjwa wa Prader-Willi, ambao mtoto huzaliwa mlegevu, hashiki titi vizuri, kisha baada ya miaka michache njaa inamjia kwa nguvu. Kuna ugonjwa wa Bardet-Biedl, ambao mtoto anaweza kuwa na kidole cha ziada na baadaye kushindwa kuona gizani. Kwa baadhi ya kasoro hizi dawa zipo. Marekani iliidhinisha dawa ya setmelanotaidi mwaka 2020. Bei yake iko mbali sana na mkono wa mvuvi wa Pemba, na hatutamdanganya mtu kwa kuahidi tusichoweza.

Neno kuhusu ndoa za binamu, maana mtu ataliuliza. Baadhi ya kasoro hizi hujitokeza pale baba na mama wote wawili wanapobeba chembe moja ya urithi yenye hitilafu, bila wao kujua na bila kuugua. Katika kila mimba, nafasi ya mtoto kupata zote mbili ni moja kati ya nne. Jambo hilo huonekana zaidi wazazi wakiwa ndugu wa damu, lakini huwapata pia wasio ndugu. Si jambo la kwenda kuwahubiria watu mlangoni. Ni jambo la daktari kuzungumza na wazazi, kwa heshima, wakishataka kujua kuhusu mtoto atakayefuata.

6. PEMBA IMESHATUFUNDISHA

Huenda mjumbe akasema: kwa nini tusitoe tu dawa ya kupunguza mwili, au tukaamuru apewe nusu ya chakula?

Tukumbuke somo lililotoka kisiwa hiki hiki. Huko Pemba ulifanyika utafiti mkubwa wa kuwapa watoto wadogo madini ya chuma pamoja na asidi ya foliki. Nia ilikuwa njema kabisa, maana upungufu wa damu ni tatizo kubwa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006. Watoto waliopewa madini hayo walilazwa hospitali au kufariki kwa kiwango kilichozidi kile cha wasiopewa kwa asilimia 12. Malaria ilikuwa nyingi, na kilichofaa wengine kiliwadhuru wengine. Tangu hapo dunia ilijifunza kuwa mwangalifu zaidi katika kuwapa watoto madini ya chuma pale malaria inapotawala.

Basi mtoto mdogo asifungishwe, asipewe chai za kukonda, asinyimwe chakula. Akili yake na mifupa yake bado vinajengwa. Pima kwanza, tafuta sababu, kisha tenda.

7. KAMATI IFANYE NINI

Moja, itazame. Mtoto yeyote wa chini ya miaka mitano aliyevuka mstari wa juu kabisa apewe rufaa, hasa akiwa na lolote kati ya haya: njaa isiyotulia, ufupi, kuchelewa kukaa au kutembea au kusema, ulegevu tangu kuzaliwa, kidole cha ziada, kutoona gizani, au matumizi ya steroidi. Mwongozo wa madaktari bingwa wa homoni wa mwaka 2017 unashauri kupima kasoro za kurithi pale unene mkali unapoanza kabla ya miaka mitano pamoja na njaa ya kupindukia.

Mbili, ijue dalili za haraka. Mtoto anayekoroma sana na kukata pumzi usingizini, anayehema kwa shida, au anayekunywa maji mengi na kukojoa mno, asisubiri.

Tatu, iisindikize familia. Njia ya rufaa ni ndefu: kituo cha afya Wingwi, hospitali ya Micheweni, kisha Wete au Chake Chake, na ikibidi Mnazi Mmoja, Unguja, hata Muhimbili, Dar es Salaam. Madaktari wa homoni za watoto ni wachache, ingawa tangu mwaka 2008 yako mafunzo yao Nairobi na Watanzania ni miongoni mwa waliohitimu. Familia nyingi hukata tamaa kwenye nauli ya boti na mahali pa kulala. Hapo usharika wa mjini unaweza kuwa na chumba, na mama wa kumpokea mgeni bandarini.

Nne, isaidie nyumba nzima. Chakula kipakuliwe jikoni, kila mtu na sahani yake, kwa saa zinazojulikana. Sufuria lisikae mezani. Chakula kilichobaki kifungiwe, si kwa kumwadhibu mtoto bali kumpumzisha, kama tunavyoficha kisu. Nyumba yote iache soda na sukari nyingi, asitengwe yeye peke yake. Maji, samaki, maharage, mboga na matunda yenyewe badala ya juisi. Apate muda wa kucheza na wenzake. Asipigwe kwa kuiba chakula. Njaa yake ni ya kweli, kama kiu ya mwenye homa.

Tano, ilinde heshima yake. Asipigwe picha ya jarida wala ya simu. Asiitwe "bonge" kliniki, shuleni wala madrasa. Sheha na mwalimu wa madrasa wakilielewa jambo hili, mama atasaidika zaidi kuliko kwa hotuba yetu yoyote. Na kwa aliyelemewa na habari za majini, tusibishane. Tumwambie, "Dua iendelee, na hospitali pia twende."

8. NENO KWA WAFADHILI

Baadhi yenu mnachangia ili mtoto mwenye njaa ale. Mnayo haki ya kuuliza kama fedha hizo zimhudumie mtoto mnene. Jibu letu ni kwamba hatuombi mradi mpya. Tunaomba ubao wa kupimia urefu uwekwe kando ya kila mzani tunaounga mkono, na fungu dogo la nauli za rufaa. Ubao ule ule unamgundua aliyedumaa, ambao ni 30 katika kila 100. Hivyo hakuna mwenye njaa anayenyang'anywa.

Na kama hospitali ikisema sababu ni ya kurithi na dawa haipatikani? Hata hapo safari haikuwa bure. Mama atarudi Wingwi akijua kwamba hakumshindilia mtoto wake. Baba ataacha kuhesabu sukari. Mtoto atapimwa shinikizo, sukari na pumzi kila baada ya muda. Na katika wale waliopelekwa, yule mwenye tezi au aliyedhuriwa na krimu atakuwa amepata tiba ambayo angeikosa.

Mchungaji aliyewaacha kondoo 99 hakuwadharau. Aliwahesabu, ndiyo maana alijua mmoja hayupo. Nasi tumekuwa tukihesabu upande mmoja wa chati tu.

MASWALI YA KUJADILI

1. Katika eneo letu, mtoto mnene sana huitwaje? Jina hilo linamfanyia nini mama yake?
2. Je, kliniki tunayoiunga mkono hupima urefu, au uzito peke yake? Nani atakwenda kuuliza, na lini?
3. Wajumbe wawili wafanye zoezi la kubonyeza nyayo mbele ya kikao. Je, kila mmoja anajua hatua inayofuata shimo likibaki?
4. Krimu gani za ngozi zinauzwa madukani kwetu bila cheti? Akina mama wanazipaka watoto kwa sababu gani?
5. Usharika wetu unaweza kumpokea mama mmoja na mtoto wake kwa wiki moja ya hospitali? Taja nyumba.

Tuombe: Bwana, utuondolee swali la nani ametenda dhambi, na utupe mikono ya kufanya kazi yako kungali mchana. Amina.